Eda Katika Nyumba ya Khalidi

Siku hizi, asubuhi Khalidi anapofika kwenye nyumba yake iliyo kando ya barabara ya Kilwa pale Kibiti, hakuna anayemuuliza kitu. Anafungua kufuli la lango, anapita chini ya dirisha la chumba cha uani, na dirisha liko kimya. Wapo wanaosema kwamba hapo huongeza mwendo. Wapo pia waliomwona siku moja akisimama, uso kauelekeza ukutani, kama mtu aliyezoea kupigwa mahali pamoja akashangaa mkono haukuja. Swali lililokuwa likitoka dirishani halitoki tena. Lilikuwa swali moja, kwa maneno yaleyale, bila salamu mbele yake wala baba wala mzee wangu: "Khalidi, nani alisema milunda itolewe?"

Aliyekuwa akiuliza ni Shufaa, mwanamke wa Mbwara, mjane wa Fikirini.

Shufaa na mumewe walikuja Kibiti mwaka ule pamba ilipolala. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ya watu binafsi ilipofunguliwa. Chama cha ushirika kilichokuwa kikinunua pamba yao tangu enzi za wazazi kilikuwa kimekufa bila kutangaziwa msiba, na redioni walisema wafanyabiashara huru watakuja kununua kwa bei ya ushindani. Mbwara hakuja hata mmoja. Pamba ikajaa ndani, watu wakawa wanalala juu yake, panya wakaifanya matandiko ya kuzalia, na Fikirini, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akasema siku moja huku akiitazama: "Serikali imesema ruksa kuuza. Haikusema ruksa kununua." Kisha akafunga jembe lake darini kwa kamba. Wakamwacha mtoto wao wa kike, Rukaiya, kwa bibi yake, wakaenda kutafuta kibarua.

Kibiti wakati huo ilikuwa inaota nyumba. Aliyejenga kubwa kuliko wote ni Khalidi. Baba yake alikuwa na duka Nyamisati, na duka lile lilifungwa zamani, kijiji kilipoambiwa kiendeshe duka lake chenyewe. Mtoto akakua akitazama rafu tupu. Ruksa ilipokuja, Khalidi aliipokea kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoporwa. Alianza na boriti za mikoko. Wakataji wanazishusha kwa mitumbwi kutoka vichochoro vya delta hadi Nyamisati, yeye anazipanga kwa korja, ishirini ishirini, malori yanazipeleka Dar es Salaam. Sasa alitaka nyumba ya kulala wageni, ya ghorofa, ya kwanza Kibiti, kwa ajili ya abiria wanaonasa kwenye mchanga wa barabara ile na madereva wanaosubiri pantoni ya Ndundu, kile kivuko cha mtoni, itengenezwe. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alisali safu ya mbele. Mwezi wa Ramadhani alifuturisha watu asiowajua. Shufaa mwenyewe alikula tende zake.

Kazi ya nyumba Khalidi alimpa Gharibu, fundi kutoka Temeke aliyetembea na futi ya chuma kiunoni na kuzungumza na watu wa Kibiti kama vile wote ni viziwi. Gharibu akajiwekea kazi ya kuta, akaikata ile ya zege na kumpa Sadala, mtu wa hapohapo aliyekuwa na kundi la vibarua. Sadala akamchukua Fikirini. Kazi ikashuka hivyo kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono ulibaki na chake kabla ya kuipitisha, mpaka ikamfikia wa chini kabisa, ambaye hakubaki na kitu zaidi ya uzito wenyewe.

Ila Fikirini alikuwa na kazi ya pili, na hiyo hakupewa na Sadala wala Gharibu. Alipewa na Khalidi kwa mdomo wake. Hapo ndipo palipo na kisa.

Sakafu ya juu ya ghorofa ilihitaji kushikiliwa kwa miti mpaka zege likomae. Miti hiyo mafundi huiita milunda. Gharibu alisema itabidi ikodiwe Dar. Khalidi alicheka mpaka kofia ikamlegea.

"Mimi nikodi milunda? Mimi Khalidi? Bwana wee, usiniaibishe. Hiyo ni sawa na mvuvi wa Maparoni kwenda sokoni kununua samaki wa kopo."

Akaleta boriti zake mwenyewe, mali iliyokuwa ikisubiri mnunuzi. Zikasimamishwa chini ya ile sakafu, nene, nyekundu, zimebanana kama msitu uliohamia ndani ya nyumba. Na kwa kuwa mali haiachwi bila mtu, akamtazama yule kibarua mpole aliyekuwa haachi sala, akamwambia: "Wewe una mke? Basi njooni mkae kile chumba cha uani. Mchana fanya kazi yako kwa Sadala, usiku nilindie boriti zangu." Shufaa alikuwa amesimama nyuma ya mumewe alipoambiwa hivyo. Aliitikia shukrani kwa magoti, kama alivyofundishwa. Baadaye, alipokumbuka magoti yale, alikuwa akisaga meno.

Zege lilimwagwa siku ya jua kali, watu wengi, ndoo zikipita mkono kwa mkono, na wimbo. Gharibu akasema wiki tatu, asiguse mtu. Kila jioni Fikirini alipanda na kumwagia maji zege ili lisipasuke, akishuka miguu imegeuka ya kijivu. "Nanywesha nyumba," alimwambia mkewe. "Inakunywa kuliko ng'ombe."

Nusu ya muda ule haikuwa imefika lori lilipokuja.

Ilikuwa asubuhi. Shufaa alikuwa uani anapepeta mchele. Dereva alishuka akasema mnunuzi wa Dar anataka boriti leo, asipozipata anachukua za mtu mwingine. Khalidi aliingia na lori lile, amesimama kwenye ngazi ya mlango wake kama kondakta. Akamwita Gharibu.

"Fundi, toa milunda."

"Mzee, zege bado bichi. Tulisema wiki tatu."

"Mbona juu limekauka? Nimelikanyaga jana."

"Juu ndiyo, mzee. Ndani bado."

"Nyumba hii ya nani?"

"Yako, mzee."

"Na boriti?"

"Zako."

"Basi. Acha chache za kushikilia, nyingine pakia."

Gharibu alisimama kidogo akichezea futi yake, akiivuta na kuiachia, ikawa inarudi kwa mlio. Kisha akageuka na kumwambia Sadala, "Umesikia." Akavuka barabara kwenda kunywa chai. Sadala naye hakuingia. Aliwaita vibarua wake, akanyoosha mkono: anzeni katikati. Fikirini alipita karibu na Shufaa akielekea ndani. Hakusema neno. Alichota punje chache za mchele kwenye ungo, akatupia mdomoni kama alivyopenda kufanya ili mkewe amgombeze. Shufaa akamgombeza.

Boriti za kwanza zilitoka, zikapakiwa, nyingine zikafuata. Halafu ikasikika sauti ndogo, kama mtu anakohoa chumbani. Wenzake wawili waliruka nje. Fikirini alikuwa katikati sakafu iliposhuka.

Walipomtoa alikuwa vumbi tupu, jeupe, nyusi zake nyeupe kama za mzee. Wakati wanaume wanafukua, lori liliwashwa. Dereva aliogopa. Liliondoka na boriti zilizokwisha kupakiwa, na hakuna aliyelizuia. Shufaa aliliona likipanda barabarani huku yeye akiwa amekaa chini na ungo bado mkononi. Kwa miezi yote iliyofuata, kitu alichokiona akifumba macho hakikuwa maiti. Ilikuwa ile milango ya nyuma ya lori, na ncha za boriti zikining'inia na kutikisika.

Walimzika siku ileile. Khalidi alitoa sanda, alibeba jeneza, alilia. Gharibu na Sadala nao walibeba. Watu watatu, kila mmoja na bega lake.

Neno lilikuja siku ya pili, msiba ungali mbichi. Askari mmoja alikuja kuuliza kilichotokea, kalamu sikioni, mtu mwenye haraka. Alimuuliza Khalidi. Khalidi akasema: "Mimi mwenye nyumba tu. Kazi nilimpa fundi. Marehemu na mimi hatukuwa na mkataba." Alimuuliza Gharibu. Gharibu akasema: "Zege ni la Sadala. Mimi nilikuwa hotelini, nina mashahidi." Alimuuliza Sadala. Sadala akatazama chini, akasema yeye hakuwa ndani. Askari akachoka. "Sasa huyu mtu alitumwa na nani kutoa hiyo milunda? Alijituma?"

Gharibu akasema, polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole: "Labda alikuwa anajichukulia. Boriti zina bei siku hizi."

Khalidi alikuwepo. Alisikia. Angeweza kufungua mdomo. Alikunja kanzu yake magotini, akatazama mbali, na kimya chake kikamgeuza mtu aliyekufa kwa amri yake kuwa mwizi.

Neno lile lilitembea kuliko gari. Lilifika Mbwara kabla ya ndugu wa marehemu kurudi. Badru, kaka yake Shufaa, alikwenda katika ofisi moja ya serikali kuuliza haki ya mtu aliyefia kazini ikoje. Karani alimsikiliza kwa adabu, kisha akamuuliza swali moja tu: mwajiri wake nani? Badru akataja Sadala. Karani akauliza Sadala amesajiliwa wapi. Akataja Gharibu. Huyo naye? Akataja Khalidi. Karani akauliza kama Khalidi aliwahi kumwajiri marehemu. Badru akabaki anazungusha kofia mikononi. Alirudi Kibiti na uso uliofungwa.

"Jitayarishe, dada, twende nyumbani," alimwambia Shufaa mlangoni pa chumba cha uani. "Hapa pamekwisha. Na mtoto analia. Kwenye chuo cha Kurani wenzake wanamwimbia, ati Rukaiya wa boriti, baba kafa na boriti za watu."

Shufaa alikuwa ameketi kwenye mkeka, hajavua nguo ya msibani.

"Wanaimba?"

"Watoto, dada. Wasikuumize."

"Watoto hawatungi hayo. Wametungiwa." Akainuka. "Siendi, Badru. Nikitoka hapa leo nimetoka mke wa mwizi. Mume wangu alinileta chumba hiki, kifo chake kimenikuta chumba hiki, eda yangu nitakaa hapa. Waje wanitoe."

Badru alimtazama kama amesikia vibaya. "Ndani ya nyumba ya mtu aliyemuua?"

"Ndimo hasa. Ningekaa wapi anione kila siku?"

Huo ndio ukawa mwanzo. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe. Hatoki ovyo, hajipambi. Kibiti nzima inalijua hilo, na Khalidi alilijua kuliko wengi. Alidhani ni siku chache za kihoro, mwanamke atakwenda kwao. Alipoona nguo nyeupe imeanikwa uani wiki ya tatu, alielewa.

Mkewe, Mwantumu, ndiye aliyekuwa akimhudumia Shufaa. Alikuja na uji na maji ya kuoga, mwanamke mnene, mwenye pumzi fupi na ulimi mrefu.

"Kula, mwanangu. Hasira haitaki tumbo tupu, inataka lililoshiba ndiyo ifike mbali."

"Bi Mwantumu, huogopi mumeo?"

"Nimuogope nani? Nimemzalia, nimemfulia, namjua anavyokoroma. Mimi nafuata thawabu zangu." Akashusha sauti. "Lakini Shufaa, kwa nini humwamkii? Mzee kila asubuhi anarudi nyumbani amevimba. Ati hata shikamoo hanipi, ananiuliza mimi, kama mimi ndiye niliyeziweka shikamoo zako kabatini."

"Shikamoo yangu nimempa marehemu aende nayo. Huyu nimembakishia swali."

Mwantumu alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa upande wa kanga, maana nyumba ilikuwa ya msiba.

Na kweli, kila Khalidi alipoingia, sauti ilitoka dirishani. Shufaa hakuonekana, ilikuwa sauti tu, wala haikuwa ya kelele. Nani alisema milunda itolewe? Mara ya kwanza Khalidi alijibu kwa upole, akasema binti, muachie Mungu. Baadaye akawa hajibu. Baadaye akawa anapiga honi nje ili aingie na kelele. Alitaka kusafisha kifusi na kufungua vyumba vya chini kabla ya mvua, maana mvua ndiyo huleta wageni, malori yanaponasa. Lakini abiria wawili aliowaleta kuviangalia vyumba walisikia lile swali, wakatazamana, wakaenda kulala kwenye basi.

Ndipo akamtuma Sadala azibe dirisha kwa mbao.

Sadala alikuja adhuhuri na misumari mdomoni. Aliweka ubao wa kwanza. Chumba kikaingia giza nusu.

"Sadala," Shufaa alisema ndani, "mwenzio alikuwa akikuita kaka."

Misumari ikatolewa mdomoni. "Shemeji, mie nimetumwa tu."

"Najua. Kutumwa ndiko kulikompata mwenzio. Ukishaziba hapa nikafa kwa joto, askari atakuja. Atauliza nani aliziba. Khalidi atasema mimi mwenye nyumba tu. Gharibu atakuwa hotelini. Wewe utasema ulitumwa na nani?"

Sadala alikuwa mtu wa watoto sita na kazi za kubahatisha, mtu aliyejifunza maisha yake yote kutosema lolote mbele ya mwenye kumpa kibarua. Shufaa alimsikia akipumua. Kisha akasikia nyundo ikiangukia mchangani na hatua zikiondoka. Alisukuma ubao kwa kiganja, ukaanguka.

Khalidi hakubakiwa na njia nyingine. Akamleta Sheikh Bushiri.

Walikaa uani baada ya sala ya alasiri, na watu walijaa bila kualikwa, wengine wamekaa juu ya kifusi chenyewe. Gharibu aliitwa, akaja na futi yake. Sadala alisimama nyuma kabisa, karibu na lango. Shufaa alibaki ndani, dirisha wazi, pazia limeshushwa. Sheikh Bushiri alikuwa mtu mkavu, asiyependa mambo marefu.

"Khalidi, sema haja yako."

"Sheikh, huyu mama amepata msiba na sote tumeumia. Lakini hii ni nyumba ya biashara. Nina haki ya chumba changu. Namwomba amalizie eda kwao Mbwara. Gari nitatoa mimi."

"Mjane hukaa eda pale alipokuwa akiishi kifo kilipomkuta," Sheikh alisema. "Lakini mwenye nyumba akimtoa, hana la kufanya, atatoka. Kwa hiyo sema mbele yetu. Aliingia chumba hiki kwa idhini ya nani?"

Watu walio karibu walimwona Khalidi akihesabu njia. Akisema aliingia bila idhini, Kibiti nzima ilikuwa imemwona Fikirini akilinda pale. Akisema kwa idhini ya Gharibu, Gharibu alikuwa hapo na asingebeba mzigo usio wake.

"Yangu," alisema. "Nilimpa mumewe chumba. Alikuwa mlinzi wangu."

"Wa kulinda nini?"

"Boriti zangu."

Mtu mmoja kwenye kifusi akapiga mluzi mfupi. Sheikh akanyanyua kidole.

"Ulimwambia askari kwamba wewe na marehemu hamkuwa na mkataba wa kazi."

"Kazi ya usiku, Sheikh! Usiku alikuwa wangu. Mchana alikuwa wa Sadala. Na kifo kilikuwa cha mchana."

Sauti iliyomjibu ilitoka nyuma ya pazia.

"Kwa hiyo ulikuwa na nusu ya mume wangu. Hiyo nusu yako ndiyo iliyoiba? Mlinzi uliyemwekea boriti alizichukua mchana kweupe, wewe umesimama hapo, akakupakilia kwenye lori lako?"

Kicheko kilipita, cha uchungu, kikafa haraka. Khalidi alisimama.

"Sikusema mimi kwamba ameiba! Sijatamka neno hilo!"

"Hukulikanusha."

"Mimi sijui kazi ya zege! Mtu anajenga nyumba, anatafuta fundi, fundi anatafuta watu wake. Mimi nitawajuaje? Kwani wewe ukimpa mtu shamba akulimie na yeye akajikata na jembe, umemkata wewe?"

Swali hilo lilikuwa na akili ndani yake, na wengine walianza kutikisa vichwa kukubali. Shufaa aliuona uwanja ukimponyoka. Alishika nondo za dirisha.

"Fundi alikwambia zege ni bichi!"

"Fundi aseme mwenyewe!"

Wote wakamgeukia Gharibu. Gharibu alivuta futi, akaiachia. Akasema yeye ni mgeni, hakumbuki maneno ya kila siku, na kwamba suala la milunda lilikuwa baina ya mwenye mali na Sadala.

Kule langoni Sadala alifanya kama mtu aliyemwagiwa maji. Alipita katikati ya watu, akimkanyaga huyu na yule, akasimama mbele ya Khalidi.

"Mwanisukumia mie?" alisema. "Wote wawili? Mie ndiye wa chini niliyebaki, baada yangu kuna kaburi. Sheikh, andika, au usiandike, lakini sikia. Fundi alisema bado bichi. Huyu akasema nyumba yangu, boriti zangu, pakia. Fundi akanambia umesikia. Nilisikia! Na mie niliogopa nisipate tena kazi kwa huyu mzee, nikawaambia waanze katikati. Fikirini hakuiba hata kijiti. Aliniuliza, kaka, mbona mapema? Nikamwambia ingia."

Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Nyuma ya pazia, Shufaa alikuwa hajajua kwamba mumewe aliuliza. Alikuwa amefikiri kwamba aliingia kama alivyozoea, kimya. Hasira yake yote, iliyokuwa imekaa mahali pamoja kama maji ya kisima, ilipanda, akazishika tena nondo za dirisha.

Sheikh Bushiri alimgeukia Khalidi.

"Kama ungempa fundi kazi ukakaa nyumbani kwako, ningekuwa na maneno mengine. Lakini ulikuja ukaingiza mkono wako. Siwezi kukuhukumu kama mahakama. Mjane atakaa eda yake mpaka mwisho, na wewe utamlisha. La pili ni la kwako na Mola wako. La tatu ni dogo, na nalitaka sasa, mbele ya watu."

Khalidi alikuwa ameketi tena, amekunja kanzu magotini kama siku ile. Alitazama kifusi, akawatazama watu waliowahi kula futari yake. Akasema:

"Hakuwa mwizi."

"Taja jina lake," ilisema sauti ya dirishani.

"Fikirini hakuwa mwizi."

"Na milunda? Nani alisema itolewe?"

Khalidi alichukua kofia yake gotini, akaivaa, akatoka langoni bila kuaga. Hakulijibu siku hiyo. Hakulijibu siku yoyote.

Badru, aliyekuwa kati ya wale watu, aliondoka Kibiti kwa miguu hadi alipopata baiskeli ya kuazima, na kabla jua halijazama kesho yake alikuwa ameingia kila nyumba ya Mbwara akirudia maneno yale matatu pamoja na jina la aliyeyasema. Chuoni mwalimu aliwanyamazisha watoto. Kwa hilo Shufaa alipata alichokikalia. Gharibu alirudi Dar wiki hiyohiyo, akapata kazi nyingine ya ghorofa. Ofisini Badru alikwenda tena, safari hii akiwa na jina la mwajiri, akaambiwa kwamba mlinzi wa usiku aliyefia kwenye kazi ya mchana ya mtu mwingine ni jambo linalohitaji kuulizwa juu zaidi.

Shufaa aliendelea kuuliza, kila asubuhi, hadi siku eda ilipokwisha. Siku hiyo Mwantumu alimwogesha, akamkata kucha, akamvika. Khalidi alikuwa ametuma doti ya kanga na gunia la mchele. Shufaa alipitisha kiganja juu ya kanga zile, akazikunja vizuri, akaziweka juu ya gunia.

"Mwambie zimenitosha," alimwambia Mwantumu. "Hajanipa nilichomwomba, asinipe nisichomwomba."

"Mwanangu, si angalau mchele? Njia ndefu."

"Mpunga najua kuulima."

Mwantumu alimsindikiza hadi barabarani, akihema, akimshika mkono, na waliagana bila kulia, kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi.

Shufaa sasa yuko Maparoni, kule delta, kwa shangazi yake, na Rukaiya yuko naye. Analima mpunga.